Nilikwenda Kuposa, Nikarudi na Dresa

Wingwi, Pemba

Kwa dada yangu Mwanaasha, uliyenilea mimi kisha ukanilelea mwanangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada. Goti lako vipi siku hizi, linakuruhusu kusujudu au bado unasali umekaa? Na yule mbuzi mwenye pembe moja kashazaa? Mimi mzima, ni mgongo tu. Makame yu hai. Hilo nimelitanguliza makusudi, maana barua hii utasomewa na mtu, na akisoma polepole roho yako itaruka kabla hajafika penye habari njema. Nimeandika mwenyewe kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, zikipinda msinicheke.

Uliuliza kwa nini watu wa Makunduchi wote wamesharudi kutoka karafuu na sisi tumebaki. Umesikia ati Makame kaoa huku, na wengine wanasema karogwa. Hajaoa wala hakurogwa. Alikuwa anaumwa moyo, dada, moyo wenyewe huu wa nyama, na mimi mamake sikujua.

Tulipofika Wingwi mimi nilishika kuchambua karafuu na wanawake wenzangu, yeye akapewa lori la tajiri mmoja, kupeleka magunia Wete bandarini. Kazi haikuwa na mchana wala usiku, karafuu mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanavunjika. Nikaona mwanangu kabadilika. Chakula anakigusagusa tu. Anazungumza mbio mbio, mikono inamtetema, jasho linamtoka na upepo unavuma. Akakonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba. Siku moja kakaa kizingitini akaniambia, "Mama, moyo unanienda mbio."

Nikacheka. Nikamuuliza, "Mtoto wa nani?"

Akainama. Dada, kwetu kijana akiulizwa habari hiyo akainama, si keshajibu? Nikakumbuka lori lake hulisimamisha kila siku mbele ya nyumba ya Bwana Faki, dresa, mfunga vidonda wa spitali ya Wete, mwenye binti anayeitwa Time. Nikasema basi, nimejua. Kumbe pale pana kivuli tu cha kupumzikia.

Nikaazima buibui jipya kwa mwenye nyumba wetu, Bi Mgeni, nikamchukua na yeye mwenyewe tukaenda kuposa. Tukapokewa vizuri, kahawa na haluwa. Nikamsifu mwanangu kama inavyopasa, na ili waone mapenzi yake ni ya kweli nikasema mtoto hali, halali, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa kitako, kwa ajili ya binti yenu.

Bwana Faki akaweka kikombe chini. "Miguu yamvimba?"

Tukatazamana na Bi Mgeni. Nangoja kuulizwa ukoo, naulizwa miguu. Nikadhani wanataka kujua kama kijana ana matende. Nikajibu kwa ukali kidogo kwamba miguu yake mizuri, ila jioni viatu havimwingii.

"Na usingizi ukimpata, alala vipi?"

Nikasema hulala amekaa, kaegemea ukuta, akilala chali pumzi zinakatika.

Akasimama, akavaa kofia. "Bibi, posa tuiweke kando. Twende nkamwone mwanao."

Tukamkuta kwenye ngazi ya lori, midomo imekuwa rangi ya jivu. Bwana Faki akaweka sikio kifuani kwake, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akamuuliza anameza nini. Makame akasema hamezi kitu, kazi tu imemchosha. Akaulizwa tena, akakana tena, huku ananitazama mimi. Bwana Faki akamwambia taratibu, "Yakhe, mi si polisi wala si baba'ko. Lakini daktari hawezi kukutibu kwa uwongo."

Hapo nikafahamu kuwa anayeogopwa ni mimi. Nikamwambia, "Sema mwanangu, sitalia." Akasema, na mimi nikalia.

Alitoa kibiriti mfukoni, ndani hamna njiti, mna vidonge vyeupe vidogo. Madereva wanaviita vya macho. Ati zamani walipewa askari vitani wasisinzie. Alianza mjini Unguja mwaka juzi, nusu kwa safari. Mwaka huu anameza vinne asubuhi na vinne Magharibi, na miguu ikivimba hamwambii mtu, anameza chengine apate nguvu.

Bwana Faki alitafuta gari ya mtu saa ile ile, akakaa naye nyuma mpaka Wete, kamkumbatia asiinamie upande. Daktari alimpima, akasema maneno marefu ya Kiingereza, na Bwana Faki akanifasiria kuwa vile vidonge vimeuendesha moyo mbio miaka miwili, sasa umetanuka. Akasema ni mfano wa pakacha, likitiwa kupita kiasi chake kila siku makuti huachana; linashika bado, lakini si kama mwanzo. Nilifahamu, dada. Mapakacha nayajua.

Siku za mwanzo alipolazwa Wete sizitamani kuzieleza. Alipokosa vidonge alilala siku mbili kama maiti, alipoamka akawa mkali, akanitolea maneno ambayo hajapata kunitolea, kisha akaniomba nimtafutie kimoja tu. Nikatoka, nikakaa chini ya dirisha mpaka akanyamaza. Dawa zikamtoa maji, miguu ikarudi kuwa miguu. Akakatazwa chumvi. Wewe unanijua, samaki bila chumvi mimi simwezi. Time, yule yule niliyemposa, ndiye aliyenifundisha kumtia ndimu na pilipili manga, na kila babake akienda kazini alimpa bakuli amletee mgonjwa. Akinikuta huniamkia, "Mama mkwe, umeshindaje?" kisha anacheka mpaka anashika mlango, maana Makame alipoulizwa, hata jina la binti alikuwa halijui.

Siku hizi mambo ya vyama yamewatia watu wazimu, mtu anakuuliza chama kabla hajakupa maji. Bwana Faki hakuniuliza. Nikimshukuru ananikata, anasema nimshukuru Mungu kwa kunipeleka kuposa nyumba ya dresa, ningekwenda kwa muuza samaki tungekuwa tunasoma hitima.

Daktari hakuficha. Moyo ule hautarudi wote. Lori basi, magunia basi, na vidonge akivigusa tena atakufa. Akishika dawa anaweza kuishi. Sasa tumerudi Wingwi, anakwenda kisimani na kurudi bila kusimama njiani, na mimi namhesabia hatua kama anayejifunza kutembea. Tutabaki huku mpaka daktari atoe ruhusa. Niwie radhi.

Dada, neno zito ni hili. Makame ameniambia walianza pamoja na mwanao Simai, zamani wakiendesha gari moja mjini. Alinisihi nisikuandikie, nikamwambia hilo siwezi. Muulize Simai. Usimwite mbele ya wazee, usimpige. Tazama viatu vyake jioni, tazama anavyolala. Akikiri mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, akaseme yote. Mimi mwanangu kaokolewa na ujinga wangu, wewe usingoje bahati kama hiyo.

Nisalimie kaka yetu mkubwa, na mwalimu wa chuo aliyemfundisha Makame alifu, na bibi mkunga aliyempokea duniani, mwambie mzigo wake bado upo.

Makame amelala ukumbini tangu jua kupanda, chali, kwa mto mmoja. Zamani ningemwamsha, ningesema kijana gani huyu analala mpaka adhuhuri. Leo nimekaa mlangoni na ufito, nakuandikia huku nafukuza kuku wasimwamshe. Alhamdulillahi.

Mdogo wako,
Mize