Siku Ermete Alipoita Majina

Pralunga, Cuneo
12 Novemba 1946

Mpendwa mdogo wangu Celestino,

Nakusalimu kwa moyo wote kutoka mlimani. Kifua chako kimepona? Najua huko Rosario joto limeanza, lakini usijitie ujana ukavua fulana mapema. Sisi tu wazima. Goti langu ndilo linanisumbua, ila mdomo unafanya kazi kama kawaida.

Kaka yetu Ermete amenenepa. Mwaka jana, alipotoka kambi ya Wajerumani kule Polandi, nilimpandisha ngazi mgongoni kwangu. Sasa anamaliza sahani mbili za polenta, ugali wetu wa mahindi, na kunung'unika kwamba jibini ni kidogo.

Wizara imemthibitishia cheo chake cha ujenerali, na mimi najivuna wala siombi radhi. Mtoto wa mchunga mbuzi! Mwaka 1915 alipigana kwenye barafu akiwa luteni, akarudi na vidole vinane. Uhabeshi alipewa nishani. Hiyo haivai, na ukimuuliza alikuwa anatoka nje. Ikaja Ugiriki, kisha Urusi. Halafu Wajerumani walipomtaka achague kuwatumikia au kufungwa, akachagua kufungwa.

Lakini Urusi ndiko alikowapeleka vijana wa bonde letu, na arobaini na mmoja hawakurudi. Unaijua desturi ya tarehe nne Novemba: askari mwenye cheo kikubwa kijijini huita majina ya waliokufa, na watu wote huitika, "Yupo!" Safari hii zamu ilikuwa yake.

Norina wa tanuri la mikate, aliyepoteza wanawe wawili, alinitangazia mbele ya wateja: "Huyo kaka yako akithubutu kuwataja wanangu, atakiona cha mtema kuni!"

"Atawataja, Norina," nikamjibu, "na wewe utakuwepo."

Nilijikaza tu, Celestino. Kambi haikumvunja Ermete, lakini niliogopa kwamba akifukuzwa na akina mama waliofiwa, hatatoka tena chumbani mwake.

Siku ilipofika, aliita bila karatasi. Watu waliitika vizuri mpaka aliposema, "Dalmasso Battista!" Kimya. Wote walimtazama Norina, naye alikuwa amefumba mdomo. Ermete akarudia. Kimya tena. Ndipo akavua kofia yake ya kijeshi yenye unyoya mweupe.

"Hayupo," akasema. "Nilimwacha mimi, thelujini, akiwa bado hai."

Hata mimi sikuwa nalijua hilo. Norina alitoka kwenye safu akaenda hadi mbele yake, nikadhani atampiga kofi.

"Miaka mitatu naambiwa alikufa papo hapo," akasema. "Ahsante kwa kunieleza. Sasa mtaje na mdogo wake."

Akamtaja. Norina aliitika peke yake, kabla yetu sote: "Yupo!"

Msalimie wifi yangu Amalia, na umbusu mwanao Lucio kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa baraka zake. Ermete anakusalimu, lakini mwandikie mwenyewe. Siku hizi anajibu anachoulizwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua,
Ortensia