Udongo wa Kulinganishia

Nyumbani kwa mama, chumba cha uani
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa mdogo wangu,

Mnaendeleaje huko kwenye baridi? Shemeji mgongo umemwachia? Na wapwa zangu, bado wanaongea lugha yetu au wameshaanza kunijibu kwa mabega? Huku hatujambo, ukiacha magoti yangu, ambayo siku hizi hulalamika kabla sijainama.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha suruali yangu ya kaki ya kazini, kilichotokea ghafla nikiwa nimechuchumaa katikati ya shamba la watu. Marehemu ameacha mjane, ambaye ni mkanda, na kitambi kimoja ambacho ndicho kinachoshukiwa. Wenye shamba walinisitiri kwa gunia, wala hawakuuliza maswali.

Kilichonichuchumaza ni kazi. Maabara yetu inapima mashamba ya mboga yaliyo chini ya ile barabara ya magereji, kuona kama udongo umeingiwa na sumu za vyuma, hasa risasi, ile iliyomo ndani ya betri za magari. Unatembea shambani kwa kupindapinda kama mlevi, unachota kidogo hapa, kidogo pale, unachanganya kwenye ndoo ya plastiki. Chombo cha chuma hakitumiki, kisije kikaongeza chake.

Lazima pia upate udongo safi wa kulinganishia. Nikasema, udongo safi utoke wapi kama si kwa mama? Nikaja na ndoo yangu. Mama akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Tumekusomesha mpaka umeota mvi, kumbe ni uje uchezee udongo kwa kijiko cha plastiki?"

"Ndiyo kazi inayonilisha, mama."

"Hilo naliona."

Mke wangu alicheka mpaka akaketi kizingitini.

Majibu yalipotoka, mashamba ya magereji yalikuwa na nafuu. Bustani ya mama ndiyo iliyozidi. Nikadhani nimechanganya mifuko, si unanijua. Nikarudi, nikachota upya, nikapima kwa mkono wangu. Ni risasi, tena nyingi, na imezidi kule konani kwenye mchicha.

Nilipomwonyesha mama ile kona, alininyang'anya kijiko, akakielekeza kwenye mchicha.

"Hapo ndipo baba yenu alipokuwa akifukia vyuma vya betri," akasema. "Alihofu mtakanyaga mjikate."

Unamkumbuka marehemu pale uani na betri zake za kutengeneza, anavyotufukuza tusisogee. Alichagua kona tusiyochezea. Hakujua zaidi ya hapo, na hakuna aliyemwambia. Alipoondoka, mama akaona kiwanja kimekaa bure, akapanda mboga.

Mama anakwambia kwenye simu kwamba mboga zimeliwa na wadudu, ndiyo maana hakutumii tena. Mdogo wangu, wadudu hawapo. Nimeng'oa kila kitu, na yeye ndiye aliyenishikia gunia. Damu yake imepimwa, risasi imo, na daktari anamfuatilia. Kila akikupigia huwa amekusudia kukueleza, lakini akisikia sauti yako anaishia kuuliza kama kumenyesha.

Kwa hiyo nakueleza mimi. Zile mboga alizokukaushia, zitupe zote, hata pakiti ya mwisho uliyosema unaitunza mpaka uje. Wapeleke watoto wakapimwe damu, nawe upimwe. Usingoje mtu aumwe kwanza.

Halafu umpigie mama. Uliwahi kumwambia kwamba wajukuu wake wakizila huomba waongezwe, naye akalitangaza neno hilo kwa kila jirani. Sasa kila jioni ananiuliza kama kweli walikuwa wakizila, au ulisema tu kumfurahisha. Anaomba uwe ulimdanganya.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu uwakumbatie kwa niaba yangu. Mke wangu anawasalimu. Mungu awapitishe salama katika hili.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kuwaza habari zenu,

Kaka mkubwa