Kioo cha Gari Kimevunjwa

Jumanne usiku

Nani kati yao? Leo barazani Mlandege nilijigamba: "Bunduki yangu inalala garini, risasi ndani, hata simba wanaijua!"

Mpwa wangu Haji, askari, akanikatiza: "Mjomba, sheria haitaki hivyo. Garini inakaa tupu, risasi mbali, na ukishuka unashuka nayo."

Nikamwambia hizo sheria za waoga. Baraza zima wakacheka.

Baada ya Magharibi nimekuta kioo cha gari kimevunjwa, pamepekuliwa hadi chini ya viti.

Bunduki haijalala garini hata siku moja. Imo humu kabatini, nimeifungia. Aliyeikosa kule sasa anajua iko wapi, nami nalala peke yangu.

Nshampigia Haji. "Simba kaja, Mjomba?"

Nikamwambia aje upesi tu.