Sufuria Iliyoharibika Siku ya Kuanua Tanga

Kigombe, Muheza,
18 Agosti 1985.

Mpendwa Shangazi Yudith,

Shikamoo. Leo nimeahidi mbele ya Mungu kukueleza yote, hata yale ambayo Baba asingependa yafike huko Mwanza. Lakini kwanza, hujambo? Mguu umepata nafuu? Watoto wanasoma? Sisi tungali hai, na hilo tunalishukuru. Sabuni na khanga zimerudi dukani kwa Kutbuddin, ingawa wengi tunaziangalia tu.

Shangazi, siku ya kuanua tanga la Babu ilimwagika damu.

Unajua mbuzi wetu huchinjwa na Mzee Suleimani, ili majirani Waislamu nao wale. Baba Mdogo Fanueli, tangu aokoke, anaamini hapaswi kula nyama iliyochinjwa kwa dua ya dini nyingine. Hakugombana na mtu. Alichinja kuku wake, akampika peke yake nyuma ya nyumba.

Baba alipomwona, aliwaka. “We mlokole! Nyama aliyokula baba yetu maisha yake yote, leo kwako najisi?”

“Kula wewe, kaka. Mimi dhamiri yangu inakataa.”

“Dhamiri! Mwaka wa njaa ulipokula mbuzi wa Suleimani ukalamba na vidole, dhamiri ilikuwa safarini?”

Watu wakacheka. Baba akamkaba shingo, akamsukumia kipande cha nyama mdomoni.

Baba Mdogo alimng’ata vidole mpaka damu ikatoka. Kisha akabeba kuku wake na mchuzi wake, akamwaga ndani ya sufuria kubwa ya nyama ya mbuzi. “Haya! Na majirani zako nao wasile!” Kweli hawakula, kwa kuwa kuku yule hakuchinjwa na Mwislamu. Watu waliotembea tangu alfajiri wakarudi na njaa.

Baba akachukua mchi. Pigo la kwanza lilivunja taya la Baba Mdogo. Niliona meno yake mchangani. La pili lilimpata Mzee Suleimani alipoingia kati, mkono ukavunjika kama ukuni mkavu. Aliushika, akasema, “Eliudi, nimekuja kuanua tanga la baba yako. Usituwekee jingine.”

Baba Mdogo yuko hospitali, anakunywa uji tu. Baba hajaenda kumwona. Juzi Kristofa, mwana wa Baba Mdogo, alikuja na panga akaukatakata mlango wetu, Mama akiwa ndani na mtoto mgongoni.

Mimi naona Baba hakukosa kula, wala Baba Mdogo hakukosa kukataa. Kwenye mafundisho ya kipaimara tumeambiwa wote wawili ni wa Bwana mmoja. Walikosa pale mmoja alipomlisha mwenzake kwa nguvu, na mwenzake akawanyima wageni chakula.

Mwezi ujao Askofu atanipa kipaimara. Baba amekwisha kumfunga mbuzi uani, anasema asiyetaka afe njaa. Kristofa ameapa kwamba akisikia mbuzi yule analia, atakuja, na safari hii hataishia mlangoni.

Nami nimefikiria samaki. Samaki hachinjwi na mtu, na nyumba zote humla.

Mama anakusalimu sana, na Mzee Suleimani pia, kwa mkono uliobaki. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya dari yako.

Wewe ndiye dada yao mkubwa, unamjua Baba kuliko mimi. Tafadhali nijibu mara upatapo barua hii: nikimwomba amfungue mbuzi wake, mbele ya watu wote, nitakuwa nimemvunjia heshima?

Mwanao akupendaye siku zote,
Hilda Eliudi