Kosa la Tafsiri Ambalo Sikulifanya

Alhamisi, katikati ya Novemba. Mvua ya hapa, ile isiyonyesha vizuri wala kukatika. Niko jikoni kwangu Anderlecht, hapa Brussels, na nina kinyaa.

Ingekuwa hasira ningekwisha kupona, maana hasira yangu haimalizi hata safari moja ya metro. Hiki kimenikaa kooni tangu jana mchana na chai haikishushi.

Kwa aliyepotea njia akaingia ukurasa huu leo: mimi ni mkalimani. Nilizaliwa Bukavu, mashariki ya Kongo, mama akanileta Ubelgiji nikiwa mtoto, tukapangiwa kituo cha wakimbizi upande wa Waflamandi. Ndiyo maana nina Kiholanzi ambacho Wakongo wengi wa Brussels hawana, na ndiyo maana nina kazi. Kazi yenyewe hunipa tonton Floribert, mzee wa Lubumbashi mwenye ofisi ndogo ya wakalimani. Tonton ni mjomba kwa Kifaransa; undugu wa damu hatuna, ila alinifungulia mlango wakati wengine walikuwa wanasoma jina langu na kufunga yao.

Mkalimani hatakiwi kusimulia aliyoyasikia kazini. Nalijua hilo. Siku nimeibadilisha, vyakula nimevibadilisha, majina ya wakubwa sitoi, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu pale mezani hakuna hata mmoja anayekijua.

Basi. Jana nilipelekwa kwenye chakula cha mchana. Upande mmoja wa meza alikaa mjumbe wa Suriname, mama wa makamo aliyetoka Paramaribo kwa ajili ya mazungumzo hayo tu. Suriname ni nchi ndogo kule juu ya Brazili. Waholanzi waliitawala, na hadi leo mambo ya serikali huendeshwa kwa Kiholanzi. Watu wake wote ni wachache kuliko wa Brussels. Upande wa pili alikaa bwana wa ofisi moja, mtu ambaye akilisukuma faili linakwenda na akilikalia linakufa. Nitamwita Bwana Mkubwa, kwa kuwa ndivyo alivyokikalia kiti.

Bi Mjumbe alikuja kuomba ukuta. Ukuta wa bahari. Pwani yao ni tambarare na bahari inaimega kila mwaka. Tulipokuwa tunangoja kuitwa ndani alinionyesha picha kwenye simu: shule ya kijiji ambayo ngazi zake zinaishia majini. Shangazi yake anaishi nyuma ya shule hiyo na hataki kuhama. Anasema bahari ndiyo iliyomkuta yeye, basi ihame bahari.

Bwana Mkubwa alitaka kura. Nchi yake ina mtu anayegombea kiti katika chombo fulani cha kimataifa, na huko kila nchi ina kura moja, kubwa kwa ndogo. Hapo ndipo mnyonge huvutiwa kiti na kumiminiwa maji ya chupa.

Ukuta kwa kura. Sikushtuka, nimeona biashara chafu zaidi ya hiyo. Nilikaa mahali pangu pa siku zote, nyuma kidogo ya bega la Bi Mjumbe, nikimnong'oneza. Mkalimani wa kunong'ona hawekewi sahani. Kazi yake ni kutazama wenzake wanavyotafuna.

Na Bwana Mkubwa alitafuna. Kiingereza wote wawili walikuwa nacho, lakini yeye akataka Kifaransa, ambacho hata si lugha aliyozaliwa nayo, kwa sababu mtu akiwa Brussels, alisema, huongea Kifaransa. Alikuwa anamenya kamba kwa vidole, ananyonya vichwa vyao, huku anatueleza huruma aliyo nayo kwa watu wa pwani. Mchuzi ulimshuka hadi kidevuni ukakaa pale. Nilitafsiri huruma yake yote nikiutazama ule mchuzi.

Kisha Bi Mjumbe akainamia mkoba wake kutoa ramani. Bwana Mkubwa akamgeukia msaidizi wake na, bila hata kupunguza sauti, akasema kwa Kifaransa: "Hawa ni wadogo. Nitawapiga picha na bendera, watafurahi, kura tutaipata. Ukuta nitawaambia unachunguzwa. Kwani tunamjengea nani, samaki?"

Msaidizi akacheka. Bwana Mkubwa akaniangalia, akainua kidole chenye mafuta.

"Hiyo usitafsiri, Madame."

Sasa, iko sheria katika kazi yetu. Kinachosemwa kwa sauti mezani ni cha meza nzima, hutafsiriwa chote, na mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya msemaji. Ningependa kudai kwamba niliifuata sheria. Kusema kweli sheria niliikumbuka baadaye. Kwanza niliikumbuka Bukavu, nikawaza ni wakubwa wangapi wamekaa hivi mahali fulani, wakala, wakatuzungumza sisi, na mkalimani wao akanyamaza, akachukua koti lake akaenda nyumbani.

Nikatafsiri.

Nilitafsiri yote, kwa Kiholanzi changu cha shule, na kwa sauti ya kawaida badala ya kunong'ona, ili hata mhudumu asikie. Hawa ni wadogo. Mimi nitawapiga picha na bendera. Mimi nitawaambia ukuta unachunguzwa. Samaki nao sikuwasahau.

Bi Mjumbe aliinua uso polepole. Nilitegemea nimwone amekasirika, au walau anishukuru kwa macho. Alinitazama mimi, hakumtazama yule bwana, kama mama anavyomtazama mtoto aliyemwaga mboga siku ya wageni. Akaikunja ramani. Akasema kwamba serikali yake haiwezi kuendelea na mazungumzo ya namna hiyo. Hilo nalo nikalitafsiri. Akasimama, akaondoka.

Na mimi nikatoka pale najiona shujaa. Naliandika hili makusudi, ili nikilisoma mwakani nione aibu vizuri. Nilitembea hadi uwanja wa Flagey, nikanunua chipsi, nikazila nimesimama mvuani, na zilikuwa tamu.

Jioni nikapita Ganshoren kwa mama. Anahudumia wazee wa Kibelgiji huko, anawaogesha, anawalisha, na akirudi kwake bado ana nguvu ya kunikosoa. Nilimsimulia kila kitu nikingoja sifa. Alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja.

"Wewe mutoto," akasema, "nani alikutuma uokote matusi yenye haikuangukia kwako?"

Nikamwambia lakini mama, yule mtu aliyasema kweli.

"Bon, aliyasema. Na sisi kwa barrière, basoda balikuwa banatutukana kila siku na Lingala yao. Yote nilikuwa naisikia, hata moja haikunipita. Lakini nasema, papa, mimi sisikie Lingala, mimi ni mutu wa kijiji. Banacheka, banatuacha, tunapita, na wewe uko mugongoni. Ukionyesha umesikia, ni lazima ujibu. Na ukijibu, alors, unabakia pale."

Nikamwambia huyu ni mwanadiplomasia, si mama aliyesimamishwa na askari kwenye kizuizi cha barabarani, mtoto mgongoni. Mama akanijibu kwamba yeye pia alikuwa mwanadiplomasia, ila hakuna aliyemlipa.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Bado nilikuwa naamini mimi ndiye mwenye haki.

Leo asubuhi simu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, Kifaransa laini, kilichonyooka kuliko changu. Nilidhani ni mtu wa bima. Alikuwa Bi Mjumbe.

Kifaransa alikisoma tangu ujana, alisema. Jirani zao wa mashariki wanatawaliwa na Ufaransa, ng'ambo ya mto tu, na huko ana ndugu. Alimsikia yule bwana kabla sijafungua mdomo wangu. Amewasikia wengi wa aina yake, kwenye meza nyingi, na ndiyo sababu kila mara huomba mkalimani. Mkalimani humpa muda wa kufikiri. Humpa pia ruhusa ya kutosikia. Alikuwa anangoja tu yule bwana atamke ahadi ya ukuta mbele ya mashahidi, hata kama ni ahadi ya uongo, kisha aende nayo kwa majirani zake wa Karibiani, ambao nao wana kura, wazizuie kura zote kwa pamoja hadi ahadi iandikwe na kutiwa sahihi. Alichohitaji ni yule bwana aendelee kumwona mjinga mpaka kahawa iletwe.

Lakini tusi likishatamkwa kwa lugha yake, mbele ya watu, pale hakai tena mama fulani mwenye shangazi kijijini. Inakaa nchi. Na nchi ikitukanwa ikabaki inakula, kila mtu atajua kesho yake kwamba inaweza kutukanwa. Ilimbidi asimame.

"Sikulaumu," alisema. "Lakini nina ombi."

Ombi ni kwamba niseme nilikosea.

Walikuwa wamekwisha kupatana, watu wake na ofisi ya Bwana Mkubwa. Hapakuwa na tusi pale mezani. Palikuwa na mkalimani aliyechanganya maneno. Nikiandika mistari michache kukiri hivyo, meza itaandaliwa upya. Nisipoandika, yule bwana hawezi kurudi kwa sababu atakuwa amekubali kwamba alitukana, na Bi Mjumbe hawezi kurudi kwa sababu atakuwa amelimeza tusi hadharani. Ukuta utafia hapo katikati.

Funika kombe mwanaharamu apite. Na kifuniko ni mimi.

Nilimwuliza kama anajua maneno hayo yana maana gani kwa mtu wa kazi yangu. Akasema anajua. Hakunipa pole, na kwa hilo nimemheshimu.

Hata sijakaa sawa, tonton Floribert naye akapiga.

"Binti yangu, mudomo yako itatuua. Bale batu beko fâchés, bamekasirika sana, mais balikubali kurudia. Donc unaandika tu ka-mail kadogo, unasema ulichanganya, c'est tout. Mimi najua haukuchanganya. Batu bote banajua. Hata ule mwenye alisema, anajua."

"Na kazi, tonton?"

"Ah, kazi. Bon. Tuache kwanza, un an, labda deux. Siwezi kukutuma mu mameza ya bakubwa na ile mail iko inatembea. Unajua hii muji iko kadogo."

Mwaka mmoja, labda miwili, bila kazi, nami nikamwambia asante, tonton. Sijui kwa nini nilisema asante.

Sasa kinyaa changu kimeongezeka watu. Jana alikuwa Bwana Mkubwa peke yake na kamba wake. Leo yumo tonton, anayejua ukweli na kuniomba kwa sauti ya upole niufukie. Yumo Bi Mjumbe, ambaye ningependa awe shangazi yangu na ambaye sitaki kumsikia tena maishani. Nimo mimi na chipsi zangu za Flagey, niliyedhani kwamba kumwambia mnyonge jinsi anavyodharauliwa ni kumsaidia, kana kwamba alikuwa hajui. Mnyonge hana haki, tuliambiwa tangu utotoni. Hatukuambiwa kwamba hana hata haki ya kusikia.

Nimekaa mbele ya kompyuta tangu adhuhuri. Nilifikiria kukataa. Jina langu lingebaki safi, na shangazi wa Bi Mjumbe angebaki na maji sebuleni. Nikaanza hata kumtafutia makosa yule shangazi ili nijirahisishie: kwani kwa nini asihame, si angehama tu. Halafu nikamkumbuka mama mkubwa, dada yake mama, ambaye yuko Bukavu hadi sasa. Wenye bunduki waliingia mjini na yeye hataki kutoka nyumbani kwake, anasema hakuwaita. Wakati naandika haya huenda iko meza mahali fulani ambapo watu wanamzungumza yeye, wanajifuta midomo na kusema wana wasiwasi mkubwa. Kama pale yuko mtu anayejifanya kiziwi kwa ajili yake, naomba asije akapata mkalimani kama mimi.

Nimeandika.

Nimesema nilikuwa nimechoka, kwamba niliyachanganya maneno ya Bwana na mazungumzo mengine niliyoyasikia ukumbini, kwamba kosa ni langu peke yangu na ninaziomba radhi pande zote. Kifaransa cha barua hiyo kilikuwa kizuri sana. Nikatuma bila kuirudia.

Jibu limekuja sasa hivi, chai bado inafuka moshi, na limetoka kwa Bwana Mkubwa mwenyewe. Ananishukuru kwa uaminifu wangu. Anasema watu wenye ujasiri wa kukiri makosa yao ni wachache siku hizi, na ananitakia kila la heri. Chakula cha mchana kimepangwa tena, Jumanne, na wamekwisha kupata mkalimani mwingine.

Uaminifu wangu. Nimelisoma neno hilo nikaenda kunawa mikono, na sikuwa nimeshika kitu.

Jumanne watakaa tena. Bwana Mkubwa atakula, atamhurumia Bi Mjumbe, atasema maneno yake kwa msaidizi, na safari hii hakuna atakayesikia. Labda ahadi itatamkwa. Labda majirani wa Karibiani watashikana kweli na ukuta utajengwa, na yule shangazi atazeeka nyuma ya shule yake akiitukana bahari. Naomba iwe hivyo, na mimi si mtu wa kuomba sana.

Na kama hata baada ya haya ukuta haujengwi, jina langu nitaenda kulidai kwa nani?