Mama, Plagi Niliichukua Mimi

Mama yangu uliye njiani,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Asubuhi ile ya Juni mwaka jana, pikipiki ilipokataa kuwaka, hakuna mwizi aliyeingia uani kwetu. Plagi niliichomoa mimi. Niliifunga kwenye soksi nikaificha ndani ya mkebe wangu wa hesabu, na mpaka leo imelala humo pamoja na bikari.

Nilikuwa nimeshazika mzazi mmoja. Na wewe ulikuwa umetangaza, tukila ugali, kwamba utapanda pikipiki ya marehemu Baba uende kwenu Kondoa, na Mungu akipenda safari nyingine ufike Ujiji ukalione Ziwa Tanganyika. "Miaka kumi na tisa nauza spea za safari za watu wengine," ulisema. "Sasa nina arobaini na saba. Nangoja nini?" Usiku ule niliyasikiliza malori yanayopita mbele ya duka letu hapa Sakina, Arusha, nikaona kila moja linakusubiri wewe. Sikuweza kukwambia usiende. Unanijua, hata mwalimu akiuliza swali ninalolijua huwa natazama chini. Kwa hiyo niliiba.

Lakini ni mtoto gani mwenye akili anayemwibia plagi muuza spea? Ulipiga kiki mpaka ukachoka, ukainama, ukakuta tundu tupu. Ulicheka ukashika ukuta. "Huyu mwizi ana kasoro! Pikipiki kaiacha, kachukua plagi. Na nyumba yenyewe ya muuza plagi!" Ukaingia dukani ukatoka na mpya. Halafu ukanitazama, si kwa muda mrefu. "Shule zimefungwa. Vaa sweta. Tunaenda wote."

Pale kijiweni, Lomayani, yule bodaboda anayenunua kwetu kila kitu kwa maneno mengi, alipiga kelele ili wenzake wasikie. "Mama Salma! Ni Kondoa kweli, au unaishia sokoni Kilombero?"

"Naenda kupima kama cheni niliyokuuzia inafika mbali kuliko wewe," ulimjibu, ukaweka gia. Wenzake walimcheka, na nadhani mpaka leo wanamcheka.

Ulinifundisha kutazama kioo cha pembeni. "Mlima ukijaa kioo, ujue bado tuko nyumbani." Siku hiyo Meru ulikuwa wazi, bila wingu. Ulijaa kioo mpaka tulipoipita Kisongo, kisha ukaanza kupungua, na tulipofika Makuyuni ulikuwa mdogo kama ukucha wangu. Mlima ulipotoweka nililia mgongoni kwako. Upepo ulinikausha kabla hujajua.

Tulisimama mahali kabla ya Magugu, vidole vyako vilikuwa vimekufa ganzi kwa kushika klachi. Ilikuwa Adhuhuri. Nilitawadha kwa maji ya kidumu, nikatandika kanga, nikaswali. Wewe ulikaa juu ya jiwe ukijinyoosha mikono. Nilijua hutasimama. Tangu Baba afariki, mswala wako ulikuwa umekunjwa juu ya kabati, na vumbi la mkunjo wake nililijua kama ninavyojua mstari wa kiganja changu. Miaka minne. Sikuwahi kukuuliza.

Nilipotoa salamu ulisema, "Mbona umemaliza haraka? Umeiba na swala?"

Mama, lile neno "na" limenisumbua mwaka mzima. Umeiba NA swala. Baada ya kuiba nini kingine? Mimi mpenda vitabu, najua neno moja linaweza kubeba nini. Sikujibu hilo. Nilijibu lililo rahisi: "Tuko safarini, Mama. Msafiri anapunguziwa. Adhuhuri ni rakaa mbili badala ya nne."

Lori lilipita, kanga ikapeperuka. "Nilikuwa najua," ulisema. "Nilichosahau ni kwamba mimi pia naweza kuwa msafiri." Ukaomba kidumu. "Nne zilinishinda, Salma. Kila nikifikiria nne nakaa chini. Mbili nitaziweza."

Uliswali ukiwa na koti la Baba ulilovaa kwa safari, likinuka petroli. Nilijifanya nakagua tairi ya nyuma. Ilikuwa nzima kabisa, mimi niliikagua hata hivyo, mpaka uliposema, "Hiyo tairi itatoboka kwa macho yako, twende."

Na ile miteremko ya kuelekea Kolo! Ulipiga vigelegele ndani ya helmeti. Sikuwa nimekusikia ukipiga vigelegele hata harusini. Barabara ilikuwa inajipinda na wewe ukijipinda nayo, na mimi niliyekushika kiuno kwa woga tangu Arusha nikajikuta nimeachia mkono mmoja, nimeuinua hewani kama mtu anayejua jibu darasani.

Tuliporudi nilidhani yote yatabaki barabarani. Alfajiri ya kwanza nyumbani nilikusikia chumbani kwako ukikung'uta mswala. Ukapiga chafya tatu. Ndipo ukaswali. Adhuhuri ulirudi kwenye nne zako, ukazimaliza. Kisha ukaenda kwenye darasa la akina mama la Alhamisi ukawaeleza mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba kwa miaka minne ulikuwa huswali, na kwamba ulianza tena kando ya barabara. Ndiyo maana naweza kuyaandika haya waziwazi. Mwenye siri alishaitoa.

Sasa nikwambie ya jana. Mimi nimebaki na Mama mdogo kwa sababu ya mtihani wa kidato cha nne, na wewe una siku ya sita peke yako njiani kwenda Ujiji, ukinipigia kila siku saa nane. Baba mdogo, ndugu yake Baba, alikuja dukani baada ya swala ya Ijumaa pamoja na wazee wawili. Nilimwamkia, nikampa kiti.

"Mama yako anazurura," alisema. "Mjane, miaka arobaini na nane, peke yake, pikipiki! Watu wananiuliza mimi. Kesho akikupigia mwambie umelazwa. Tumbo. Atageuza."

"Lakini siumwi, Baba mdogo."

"Utaumwa kesho saa nane."

Wazee walicheka. Mimi nilitazama chini, kama kawaida. Lakini macho yangu yaliangukia rafu ya plagi, boksi baada ya boksi. Alikuwa ananiomba niibe mara ya pili.

Tangu jana nimekuwa na maneno ambayo mdomo wangu haukuyatoa, basi mkono uyatoe. Baba mdogo, nakuheshimu, na shikamoo yangu utaipata kila siku. Kama unasema mwanamke asisafiri peke yake, nimesoma, na najua wanazuoni wana kauli zaidi ya moja. Hilo tutakaa tulizungumze. Ila nijibu hili. Mama alikaa miaka minne bila kuswali, amekunja mswala, anauza spea, anapika, anatabasamu, na hakuna aliyekuja kumuuliza hali. Hata mimi. Leo anaswali, anacheka, anapiga vigelegele, ndipo wazee wanaletwa dukani. Alipokuwa amepotea kweli alikuwa amekaa hapahapa, nyuma ya kaunta, mnamwona kila siku.

Sitaona aibu kwa ajili ya mama yangu. Akipita na pikipiki nitasema kwa sauti kwamba huyo ni wangu. Bado naogopa malori, Mama. Naogopa kila siku mpaka simu iite. Lakini woga wangu ni wangu, si breki yako.

Leo ulipiga saa nane kamili kutoka Uvinza. Baba mdogo alikuwa ameketi mbele yangu, kwenye kile kiti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mzima?"

Unauliza hivyo kila siku, na leo neno lile lilikuwa mlango wa ule uongo. Baba mdogo alinikazia macho. Sikutazama chini.

"Mzima kabisa, Mama. Usigeuze."

"Kwani nani kasema nigeuze?"

"Hakuna. Nimesema tu."

Ulicheka, ukaniambia umeonja samaki wa huko, simu ikakatika. Baba mdogo alisimama, akasema atarudi, akaondoka bila kuaga. Akirudi atanikuta.

Basi, Mama, nenda ukalione ziwa lako, unawe uso kwa ajili yetu wote wawili.

Binti yako, mwizi wa plagi

Mistari hii ya mwisho naiandika nimesimama. Plagi nimeitoa kwenye soksi nimeiweka juu ya kaunta, mahali utakapoiona ukirudi. Barua nimeibandika kwenye mlango wa duka, chini ya tangazo la spea, kwa solusheni ile tunayozibia tyubu, kwa hiyo anayetaka kuibandua aje na mlango wake. Lomayani ameshaanza kuisoma kwa sauti. Mimi naingia ndani kuswali Alasiri. Rakaa nne, kwa sababu mimi nipo nyumbani. Wewe endelea na mbili zako.