Mshahara Anaoukamua Baba

Mbulu, 6 Machi 2024

Baba mdogo Yoakimu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje huko Urambo? Sisi tuko salama, mvua inanyesha na baridi imerudi.

Lile jengo lako la karibu na stendi sasa ni ofisi ya pamoja. Mtu asiye na ofisi analipia meza kwa siku au kwa mwezi, anapata umeme, intaneti na chai. Wanakuja wapima ardhi, mawakala wa bima, walimu wanaojiendeleza kimasomo. Kodi yako nimeituma.

Tatizo ni mfanyakazi. Nimemwajiri Getruda, binti wa Nicodemo wa kwenu Mogitu. Anakaa mapokezi, anapanga meza, anaitengeneza printa ikigoma, na wateja wanamsikiliza kuliko mimi. Lakini msimu wa kilimo meza hubaki tupu, na mshahara nampa nusunusu. Jana aliniuliza, "Dada, mwezi huu ni nusu ya juu au ya chini?" Tulicheka wote, ila yeye aliacha kucheka kwanza. Naogopa ataondoka. Nifanyeje?

Mwanao,
Agatha

Urambo, 2 Aprili 2024

Mwanangu Agatha,

Marahaba. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Univumilie kwa barua. Simu siisikii vizuri, na nikiandika nasikia ninachosema.

Nicodemo tulichunga pamoja chini ya Mlima Hanang, kabla sijaletwa huku kwenye tumbaku nikiwa kijana. Sikiliza walivyofanya wazee wetu. Mwenye ng'ombe wengi kuliko mikono yake humpelekea jirani ng'ombe mmoja amfugie. Jirani anakunywa maziwa na kupata mbolea; ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Hakuna karatasi, lakini anayefuga ng'ombe wako hakukimbii, na siku ng'ombe akiondolewa kijiji kizima kinajua mmekosana.

Yule ng'ombe wangu mwekundu aliye kwa kaka yako Herman, mpelekeni kwa Nicodemo. Maziwa yawe nusu ya mshahara wa binti, nusu nyingine mpe fedha. Hataondoka.

Baba yako mdogo

Mbulu, 9 Septemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini kifua hakikusumbui kwa vumbi la kiangazi.

Tulifanya ulivyosema. Nicodemo aliwaita majirani, akakubariki kwa jina mbele yao. Alisema, "Yoakimu amerudi nyumbani kwa miguu minne."

Sasa Getruda amepata kazi Haydom, mapokezi ya nyumba ya wageni mpya, mshahara kamili na bima. Wanamsubiri hadi mwisho wa mwezi. Tulikwenda wote Mogitu kumwambia baba yake, akakataa. "Uende, ng'ombe aondoke? Niwaambie nini watu? Kwamba nimekosana na Yoakimu?" Nikamwambia ng'ombe atabaki. Akanitazama kama mtoto. "Wewe ulimleta tu, mama. Mwenye ng'ombe aseme."

Njiani kurudi Getruda aliniambia, "Dada Agatha, kazi nafanya Mbulu, mshahara wangu anaukamua baba Mogitu. Nikiuulizia, naonyeshwa kikombe."

Andika mstari mmoja tu, nikamsomee Nicodemo. Barua hii nimempa kondakta wa basi ili iwahi. Tena nikuambie ukweli: akibaki, ofisi yangu imepona. Ndiyo maana naomba uandike haraka, kabla sijaanza kufurahi.

Mwanao,
Agatha

Mbulu, 20 Novemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako haikuja. Haydom wamemchukua mtu mwingine.

Getruda anafika asubuhi, anafungua madirisha, anawasha printa, hasemi. Wateja wananiuliza kama anaumwa. Jumapili iliyopita Nicodemo alituletea kibuyu cha maziwa ya mgando, akaniuliza kwa furaha, "Mfanyakazi wangu anawafaa?" Alisema wangu. Getruda alikuwa amesimama pale pale.

Uko hai, Baba mdogo?

Mwanao,
Agatha

Urambo, 8 Desemba 2024

Mwanangu Agatha,

Marahaba. Niko hai, wala sikuugua. Barua yako ya Septemba ilinifikia mapema, mwezi haujaisha. Niliisoma, nikaiweka chini ya mto. Pale ulipoandika kwamba Nicodemo alinitaja mbele ya majirani nilipasoma mpaka karatasi ikalegea. Mogitu hapakuwa na mtu anayenitaja tena. Nikaona kwamba nikilisema neno unaloomba, yule mwekundu atakuwa ng'ombe tu. Nikanyamaza, na binti wa watu akabaki amefungwa.

Sasa mwenye ng'ombe anasema. Msomee Nicodemo mbele ya majirani wale wale: ng'ombe ni wake pamoja na uzao wake, si kwa kazi ya mtu yeyote, wala sitamdai. Getruda mlipe mshahara wote, mkononi mwake. Kodi ya jengo usinitumie tena, ifanye kazi hiyo. Nilikuwa naiweka nijenge chumba kimoja Mogitu, cha kuzeekea na kufia. Urambo pia kuna udongo.

Baba yako mdogo

Mbulu, 17 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Nakuombea nguvu.

Nilikwenda Mogitu, nikasoma barua yako. Nicodemo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa Yoakimu ananifukuza." Hakushukuru. Ng'ombe yuko zizini kwake, lakini jina lako halitaji. Nakuambia ukweli kwa sababu na wewe umeniambia wako.

Getruda alipokea mshahara wa Desemba, na wa Januari, mkononi mwake. Halafu akaweka funguo mezani. Ile nafasi ya Haydom haipo tena. Amekwenda Babati bila kazi, akaitafute huko huko. Nilimwuliza kwa nini aondoke sasa, wakati namlipa. Akasema, "Dada, nilitaka kujua kama mlango unafunguka."

Kwa hiyo nimekaa kwenye kiti chake. Hata sokoni siwezi kwenda. Nimebandika tangazo la kazi mlangoni, mshahara nimeuandika juu kabisa kwa herufi kubwa. Leo asubuhi ameingia binti mmoja, anaitwa Brightness. Hakuuliza saa za kazi wala likizo. Aliuliza, "Kuna kitu chochote mtakachompelekea baba yangu?"

Nikamwambia hapana.

Akavuta kiti, akaketi.

Mwanao,
Agatha